Uyoga Mweupe wa Mama

Jumamosi, 6 Januari
Nimechambua uyoga wa Mama kama kila Jumamosi ya mvua. Yeye huuchuma msituni, njia ya Kambove, na kuuuza hapa mtaani Panda. Leo mmoja mweupe haukuwa sawa. Ukingo wa kofia bila mistari. Harufu si yake. Nimeutupa. Sikumwambia. Macho yake yamefifia, sote tunajua, hakuna anayesema.

Jumapili, 7 Januari
Jirani yetu Yolande anatapika tangu alfajiri. Jana alinunua kwa Mama. Nimekimbia kwake. Amesema ni malaria. Nimekubali. Mwoga mimi.

Jumatatu, 8 Januari
Yolande amepata nafuu, amekunywa uji. Bado sikutulia. Nimekwenda hospitali, nimemweleza daktari yote. Akasimama. "Ule mama iko wapi? Nafuu hii inadanganya, sumu iko inakula maini. Mumulete sasa!" Tumempeleka Yolande kwa pikipiki.
Kisha nimemwambia Mama.
"Weye uko unanifundisha minye bowa?" Ndivyo anavyouita uyoga. Hakula. Mimi pia.

Alhamisi, 11 Januari
Macho ya Yolande ni ya njano. Mume wake hanisalimii. Mama amekaa mlangoni tangu asubuhi. Mwishowe: "Minye niliona nyeupe tu. Nyeupe yote inafanana sasa." Nachukia ukimya wangu kuliko macho yake.

Jumatano, 17 Januari
Yolande amerudi. Mifupa mitupu. "Nitawasamehe," amesema, "lakini hapana leo."

Jumamosi, 20 Januari
Mama amevaa buti za msituni. Nimesimama mlangoni, nimemzuia mama yangu mzazi. Aibu.
Mchana mama mmoja wa parokia amenionyesha kupanda uyoga. Nimechemsha majani makavu, nimeyapoza, nimeyajaza kwenye mifuko ya plastiki pamoja na mbegu aliyonipa: punje za mtama zilizovaa utando mweupe. Chumba cha nyuma, kiza na unyevu. Mama hakushika kitu.

Jumapili, 4 Februari
Mfuko mmoja umeota ukungu wa kijani. Nimeutoa nje haraka. Sikai, sishoni nguo za wateja. Kila saa nachungulia.

Jumanne, 20 Februari
Uyoga umetoka. Kama masikio ya kijivu, yamepandana. Mama ameingia mwenyewe, ameupapasa polepole, juu, kisha chini. Ameuliza unaitwaje kwetu. Sijui. Amecheka kidogo. Tumeupika na nyanya. Yolande hatujampelekea, bado. Mama ameonja kwanza, akanisogezea sahani. Mvua imenyesha mpaka jioni.