Gari Lililomtisha Zuhura

Mamangu, shikamoo, na pokea salamu za joto la Mombasa.

Leo, tukiwa bado tunangoja siku ya Zuhura kupimwa masikio, nilipita naye mgongoni barabara ya Ndia Kuu. Nikakuta wanaume wamelizunguka gari la mashindano la zamani sana, halina paa, linawashwa kwa kuzungusha chuma mbele, limezimika katikati ya njia. Mwenyewe, mzee wa Kihindi, alikuwa akilifukiza ubani kama bibi harusi, eti lisipatwe na husuda.

"Enzi za babangu hili liliwashinda wote," akajisifu.

Muuza kahawa akamjibu, "Na leo limeshindwa na Ndia Kuu."

Mara likawaka kwa kishindo, na Zuhura, huyu ambaye tukimpigia makofi hageuki, akaruka mgongoni mwangu na kuangua kilio. Mzee akanijia mbio. "Niwie radhi, mwanangu, nimemtisha mtoto."

Mimi nacheka huku machozi yanitoka. Nikamwambia, "Mtishe tena, baba."

Akalizima, akaliwasha, na Zuhura akalia tena, mtaa mzima ukishangilia.

Kwa daktari tutakwenda vilevile. Mungu akuweke, Mama, mpaka Zuhura akuite nyanya kwa mdomo wake.

Mwanao akupendaye,
Mama Zuhura