Tunakuja Shambani na Bosi

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini hamjambo huko. Mimi mzima, na cherehani bado inanilisha.

Jumamosi tunakuja likizo, mimi na Bosi. Najua mumeo anaogopa mbwa, lakini mwambie huyu ni mwoga kumshinda yeye. Juzi alikimbizwa na kuku wa jirani. Nilipokwenda kuulizia nafasi, dereva wa basi alikataa katakata kumpakia. Nikamwambia, "Basi mkatie tiketi, akae kama abiria." Alicheka mpaka akakubali.

Tangu tumzike shemeji yako, Bosi alikuwa akilala mlangoni kumsubiri, chakula hagusi. Mimi pia sikuwa na hamu ya kitu, ndiyo maana simu zako sikuzipokea. Jana nilipoteremsha sanduku na kuanza kupanga nguo, alinyanyuka, akaingia humo, akajilaza juu ya magauni yangu akitikisa mkia. Nilicheka peke yangu kama mwehu, nikalia kidogo, nikacheka tena.

Tukishuka, usiniulize mbona nimekonda. Nikumbatie tu, kisha tupeleke mtoni. Bosi hajawahi kuona maji yasiyotoka bombani.

Ni mimi dada yako,
ninayekuja kweli safari hii