Bomba la Inchi Nne

Mama,

Miaka saba nilikuwa mkweo na sikumbuki siku tuliyozungumza tukitazamana. Ukiniona njiani ulishuka kwenye migomba mpaka nipite. Nikija kwako nilikaa nje, na maneno yetu yakapita kwa mke wangu, mwanao Wakesho, ingawa ukuta ulikuwa mwembamba na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri. Nikikisifu chakula ulikohoa kidogo huko ndani, ndipo nikajua umefurahi. Ndivyo tulivyoheshimiana hapa Mbololo, mkwe na mkwe. Leo nakuandikia mwenyewe, kwa sababu haya siwezi kumtuma mwanao ayalete.

Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike. Wakesho akiponda kimanga, yaani viazi na maharage pamoja, namna ulivyomfunza, hulia juu ya chungu na kusema ni mvuke. Na watu wananisifu, Mama. Wanasema, "Mkwe kama huyu utampata wapi? Amemjengea mama nyumba ya bati, akamwekea jiko la Kizungu. Amekufa akiwa kwenye joto." Nawaitikia. Natamani ardhi inimeze.

Lile jiko la chuma nililitoa kwenye nyumba ya Mzungu wa shamba la katani aliyeondoka wakati wa vita. Wanaume sita walilipandisha kutoka Voi, wakinitukana kila kona ya mlima. Mdomo wake wa kutolea moshi una upana wa inchi sita. Kazi yangu ni bati, nilipima kwa mkono wangu. Bomba nililokuwa nalo lilikuwa la inchi nne, limebaki nilipotengeneza mifereji ya paa kule stesheni. La inchi sita lilihitaji bati jipya, lije kwa gari la moshi kutoka Mombasa, na baridi ilikuwa imeshaanza kushuka na ukungu wake. Nilitaka sifa kabla ya baridi. Nikakunja bati mfano wa faneli, pana chini na nyembamba juu, nikalibana jiko pana kwenye bomba jembamba, nikapaka udongo. Nikawasha vijiti vikavu, mlango wazi. Moshi ukatoka juu ya paa, watu wakapiga vigelegele.

Ukahamia. Kuanzia siku hiyo mimi kuingia ndani mwako ikawa mwiko.

Katika nyumba yako ya zamani moshi ulijitafutia njia kwenye nyasi za paa na kukukaushia mahindi darini. Hii mpya niliiziba mwenyewe kila ufa, nikiona ni ufundi. Mwezi haujaisha, Wakesho akarudi kutoka kwako akicheka: "Mama ana macho mekundu. Anasema jiko linakohoa kama yeye, ila usiambiwe, utafadhaika. Moshi si kitu, amezaliwa ndani yake."

Nilielewa hapo hapo kwamba bomba jembamba lilikuwa likirudisha moshi ndani. Nasema kweli mbele yako. Hewa ya makaa ikikosa njia humuua mtu usingizini, sisi mafundi tunajua. Ningeweza kukuomba ulale kwa jirani siku moja tu, nikapanda paani na kuling'oa bomba. Lakini ningesema nini? Kwamba fundi wa stesheni alikosea kipimo? Nikamwambia Wakesho, "Siwezi kuingia kwa mama mkwe." Akaniona mtu mwenye adabu. Ile heshima yetu, Mama, niliitumia kufichia aibu yangu.

Asubuhi ya ukungu mkubwa walikukuta umelala, mlango umefungwa, shuka imefika kidevuni. Wakasema ni kifua, ni uzee. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, kifo kikakuchukua wewe. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na sidhani kama nastahili.

Sasa Wakesho anataka tuhamie kwako na watoto. Ananihimiza nikaliwashe jiko, aote moto wa mama yake. Jana niliingia ndani mwako kwa mara ya kwanza. Kanga yako bado iko kwenye msumari. Nikaketi sakafuni nikashindwa hata kusali. Bati jipya nililoagiza Mombasa limefika. Kwa nusu siku naweza kutengeneza bomba la inchi sita, nilitupe la zamani bondeni, na hakuna atakayejua mpaka nife. Mkono ulishika mkasi, Mama. Nusura nikate.

Sikuombi msamaha, huna njia ya kunijibu, wala kukohoa. Nakuaga kama mwanao, jina ambalo nimelipoteza. Ahadi yangu ni moja. Jumapili Wakesho akitoka kanisani nitamkalisha mbele ya jiko lako, halafu nitaliweka bomba la inchi nne juu ya ule mdomo, bila faneli, bila udongo. Litatumbukia ndani. Hatahitaji fundi wa kumweleza.