Maji ya Majivu

Bariadi, Jumatano asubuhi. Mawingu mazito; mvua haijanyesha.

Kwa jina la Mungu, azijuaye pumzi zetu kabla hatujazivuta. Nawasalimu ninyi msomao ukurasa huu: wakubwa kwa heshima, wadogo kwa upendo, na kila nyumba kwa amani.

Mke wangu, Mama Kulwa, amelazwa hospitalini tangu jana. Nimerudi nyumbani kuchukua khanga zake, nami nimeketi kwanza kuandika, kwa kuwa naogopa kuingia jikoni.

Na nikiri. Mwezi uliopita aliambiwa kwamba figo zake zimechoka, aache chumvi. Neno hilo nililipokea kwa furaha isiyo ya haki. Tangu soko la pamba lilipofunguliwa kwa wanunuzi wa nje, malori yanayofuata pamba yetu kule Nkoma huja yamejaa bidhaa za dukani, nami katekista nimehubiri miaka mingi kwamba vitu vya pakiti vitatuharibu. Nikaona Mungu amenipa ushahidi.

Basi nikairudia njia ya marehemu mama yangu ya kukoleza mboga bila chumvi ya dukani. Nilichoma mabua ya pamba, nikajaza majivu katika chungu kilichotobolewa chini, nikamimina maji, nikakinga matone yake ya manjano. Kwa maji hayo niliunga nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kila siku. Nilipika kwa mikono yangu. Sala kwanza, kisha sahani.

Miguu yake ikaanza kulegea. Nikasema ni uzee.

Jana hakuweza kusimama.

Daktari, binti wa umri wa watoto wetu, aliuliza kama mama bado anatumia chumvi.

"Hata chembe," nilijibu kwa majivuno. "Namtilia maji ya majivu."

Aliweka kalamu chini. "Majivu ya nini, mzee?"

Mke wangu akaniwahi: "Ya pamba, mwanangu. Miaka arobaini huyu hajui jiko letu lina mlango upande gani. Kaingia mwezi mmoja tu, unaona!"

Muuguzi alicheka. Daktari hakucheka.

Alinieleza polepole. Maji yale ni chumvi ya namna nyingine, yamejaa potasiamu. Ndani ya figo mna mirija inayokusanya mkojo, na katika utando wa seli zake mna vijia vyembamba, visivyoonekana kwa jicho, ambavyo potasiamu hupitia ili itoke mwilini pamoja na mkojo. Figo zikichakaa, seli hizo hufa, na vijia vyake hufa nazo. Kinachoingia hakitoki. Hurundikana katika damu mpaka moyo upoteze mapigo yake. Akanionyesha karatasi ya mashine ya moyo: vilima virefu, vyenye ncha, vimepangana kama miiba.

Tangu ujana nilifundishwa kwamba Mungu huchunguza mioyo na figo. Sikuwahi kujiuliza kwa nini viwili hivyo vilitajwa pamoja.

Wamemchoma sindano. Mchana watapima damu tena. Daktari hakuniahidi neno.

Sasa nimeingia jikoni. Maji niliyomimina jana asubuhi bado yanadondoka, tone moja moja, kana kwamba nyumba hii ina mgonjwa mwingine anayesubiri. Nimekibeba chungu hadi nyuma ya zizi, nikachimba, nikafukia majivu yote. Kuku walisogea, nikawafukuza.

Miaka yote ya maisha yangu nimewaonya watu juu ya sumu itokayo mbali. Hii niliikoroga mwenyewe, nikaibariki mezani.

Nilipokuwa naondoka wodini mke wangu alinishika mkono. Vidole vyake havikuwa na nguvu. "Baba Kulwa," alisema, "ukirudi niletee uji. Usio na mahubiri."

Uji uko motoni. Sikutia kitu.

Je, nitamkuta macho?

Wewe usomaye, Mungu aulinde moyo wako na figo zako, akitakase kila kiingiacho chunguni mwako, na wale uwapendao awaepushe na ukaidi wa mkono wako mwenyewe. Amina.