Mashine Iliyopokea Maombi Yako, Mama

Makutano, Meru
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu, na umpe Muthoni zake, maana najua dadangu ndiye amekaa hapo karibu na moto akikusomea. Muthoni, soma polepole na usiruke mahali. Mama, mguu unaendeleaje? Bado unapanda nao kule juu kwenye kahawa, au umekubali kusaidiwa? Mimi niko salama. Nasema tena, niko salama kabisa: sijaugua, sijagongwa na gari, wala hakuna mtu aliyekuwa akilia kwenye simu siku ya Ijumaa. Dereva wa lori letu alipita hapo nyumbani Kanja jana akarudi akaniambia hulali wala huli vizuri tangu upige ile simu, na kwamba umewaambia watu nyumba ninayokaa ina kitu kibaya. Sasa tulia nikueleze, kwa sababu kitu chenyewe nilikiweka mimi.

Unakumbuka nilipokuja niliwaambia Mzee Kirimi, mwajiri wangu, anafungua duka jipya Embu mjini. Duka la mbolea na mbegu la hapa Meru na lile la Maua hesabu zake zote ziko kwenye kompyuta moja, na kompyuta hiyo iko nyumbani kwake, katika chumba kilichokuwa cha wageni, kwa sababu duka liliwahi kuvunjwa. Mimi napanga chumba kwenye boma hilohilo, ndiyo maana niliwapa namba ya simu ya nyumba yake. Miaka yote hii nimekuwa kama mlinzi wa hiyo mashine. Mtu wa Maua akitaka kujua kama kuna mbegu, lazima anipigie mimi nikamtazamie.

Nilimwambia Mzee kwamba kuna kisanduku kinaitwa modemu, kinachogeuza maneno ya kompyuta yakawa sauti na kuyapitisha kwenye waya wa simu. Tukikiweka nyumbani kwake, mtu akiwa Maua au Embu atapiga simu, mashine ipokee yenyewe, imwulize neno la siri, akilijua afungue hesabu kana kwamba amekaa hapo chumbani. Alinisikiliza akijikuna kidevu, kisha akasema, "Nikiona na macho yangu mtu wa Maua ameingia kwa hiyo kompyuta, wewe uende Embu ukafanyie kazi huko. Ikikataa, naandika mtu mwingine wa Embu, na wewe unabaki hapa kuichunga."

Mama, sikukwambia jinsi nilivyolitamani jambo hilo. Nikifanya kazi Embu mjini, kila jioni nalala Kanja. Na wakati huo Muthoni alikuwa ameshanieleza kwamba atairudisha nafasi yake ya chuo cha ualimu, kwa sababu hawezi kukuacha peke yako na huo mguu. Maneno hayo yaliniuma sana. Nilijua asipokwenda sasa hatakwenda tena, na sababu itakuwa mimi niliyekaa huku kuchunga mashine.

Kufunga modemu hakukunisumbua. Walionisumbua ni watu. Mama Kendi, mkewe Mzee, hawezi kuiacha simu ilie, anasema huenda ni habari ya msiba. Kila nikienda dukani na kuijaribu mashine kwa kompyuta ndogo niliyoazima, yenye modemu yake, yeye ameshafika mbio, "Halo, ni nani? Mko salama huko?" Anaisalimia modemu mpaka inakata tamaa. Mwishowe nikaipanga mashine ipokee mlio wa kwanza, kabla hajatoka jikoni. Hapo ndipo nilipokosea, Mama, maana nilisahau kuwa na wewe unayo namba hiyo, na nilikuwa nimekwambia Ijumaa ndiyo siku ya mtihani wangu mbele ya Mzee.

Ijumaa asubuhi tulikuwa dukani Maua, mimi na Mzee na ile kompyuta ndogo. Pikapu za miraa zilikuwa zimeondoka kitambo na mji umetulia. Nikapiga. Laini inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Mzee amekaa juu ya gunia la mbolea, kofia kwenye magoti, ananitazama tu.

"Njeru, hii kitu yako imekufa?"

"Haijakufa, Mzee. Iko bize."

"Bize na nani? Kwangu nani anaongea na kompyuta?"

Jasho likanitoka na baridi yote ya Maua. Nikapiga simu dukani Meru, ambako laini ni nyingine, nikamwomba Kinoti, kijana anayeuza kaunta, akimbie nyumbani kwa Mzee akaangalie. Alikwenda, akarudi, akapiga akihema.

"Kuna mama kwa laini," akasema. "Anaomba."

"Anaomba nini?"

"Anaomba Mungu! Anataja jina yako. Anasema adui ashindwe. Nimeinua simu ya sebuleni hiyo mashine ikanyamaza, lakini yeye hajanyamaza."

"Ukakata?"

"Sasa nikate mtu akiomba, Njeru? Nimeachia Mama Kendi simu, amesimama huko amefunga macho."

Mzee alikuwa amesikia yote, maana Kinoti akiongea kwa simu hupiga kelele kama anaita ng'ombe. Akaniuliza ni mama gani. Nikamwambia ni mamangu. Ningepata shimo ningeingia. Akavua miwani.

"Mwache amalize," akasema.

Basi tukakungoja, Mama, mimi na tajiri yangu, tumekaa juu ya magunia dukani Maua. Najua sasa kwamba uliposikia mashine ikikulilia ulidhani ni shetani anazuia mtihani wangu, ukawaita akina mama wa kanisa, mkapiga tena na tena. Yule mwanamke aliyesema "Amina" akaweka simu chini bila salamu ni Mama Kendi, Kinoti alikuwa amemwomba asikawie. Usianze kuuliza nimeoa lini.

Nilipopiga tena, mashine ikalia ule mlio wake wa bati linaloburutwa kwenye mawe, ikaniuliza neno la siri, ikafunguka. Mzee akainama mpaka kofia ikaanguka. "Nionyeshe pampu za kunyunyizia dawa." Nikamwonyesha. "Ni ya leo hii?" Nikamwambia ndiyo, nimeziandika asubuhi kabla hatujatoka nyumbani. Akazisoma zote kwa kidole kwenye kioo.

"Maombi ya mama yako ni marefu," akasema, "lakini yamefika. Mwezi ukianza, uende Embu."

Nilitoka nyuma ya duka nikalia, Mama. Sioni haya kukwambia. Nilikuwa nimeubeba huo mzigo muda mrefu bila kumwambia mtu, na ulitoka wote mara moja. Tangu siku hiyo nalala usingizi mzuri, na wewe lala. Mzee ameomba mashine ipewe laini yake yenyewe, na mpaka ifike nimeichomoa, kwa hiyo ile namba ya zamani sasa inapokelewa na Mama Kendi. Anataka sana kukusalimia ukiwa umemaliza kuomba.

Msalimie mjomba Nyaga na umshukuru kwa kututunzia ng'ombe, na shangazi Wanja pale sokoni, na wale akina mama waliosimama na wewe kwenye simu. Waambie hakuna shetani, lakini wasiache kuniombea.

Mwisho ni wewe, Muthoni. Najua hapa umeanza kusoma chinichini. Pandisha sauti Mama asikie: nafasi ya chuo usiirudishe. Nenda ukasome. Mimi narudi nyumbani.

Mwanao, na kaka yako,
Njeru