Maji ya Kwanza

S.L.P. 37,
Ikutha.
18 Septemba 2025.

Mpendwa Yvonne, binti wa mama mdogo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima huko Toronto? Baridi imeanza kukuuma? Sisi tuko, Mungu anatuweka. Mbuzi watatu wamezaa, ndengu hazikufanya vizuri, na goti la nyanya yetu Susu linamsumbua asubuhi tu. Ningekutumia sauti kwa simu, lakini kwa simu ningekutukana, na mimi ni dada yako mkubwa. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sinema yako tumeiona. Mchungaji Ndolo alileta projekta kanisani Jumamosi mchana. Akina mama wakafunika madirisha kwa blanketi, shuka jeupe likapigiliwa ukutani, na Susu akawekwa mbele kabisa kwa kiti chenye mto. Watu walijaa kuliko siku ya harambee.

Nilienda nikiomba iwe mbaya. Ndiyo, nimesema! Mimi ndiye nimemwosha Susu miguu miaka kumi na moja. Mimi ndiye nilikusimulia ile njaa ya mwaka wa sitini na moja, ndege zikiangusha mahindi, Susu akiwa msichana wa miaka kumi na nane anachimba maji kwenye mchanga wa mto. Hadithi nimeitunza mimi, halafu jina kwenye shuka ni lako. Nilikuonea wivu, sifichi.

Lakini aki, Yvonne, ni nzuri. Hakuna muziki, hakuna mtu anapiga kelele. Ni yule msichana tu na gauni lake la kitambaa cha marekani lililopauka, vumbi linang'aa nyuma yake, na kata ya kibuyu inakwaruza mchanga, kwaru, kwaru, mpaka kanisa zima likashikwa na kiu. Mume wangu Mulwa, ambaye hakulia hata tukimzika babake, alisema ameingiwa na mdudu machoni.

Pale anapotoa mkono shimoni na maji yanamtiririka hadi kwenye kiwiko, mimi nililia. Nililia kwa uzuri wake, kisha nikalia kwa hasira kwa sababu uzuri huo umeutengeneza wewe.

Halafu nikaona kosa lako, moyo ukaruka kwa furaha. Msichana alikunywa kwanza! Mdogo wake Kalondu amekaa ukingoni, midomo imepasuka, na yeye anamaliza kata nzima, anachota tena, anakunywa. Na sisi tulilelewa na sheria moja kwa boma la Susu: anayechota hunywa mwisho. Mimi nilichapwa kwa hiyo sheria, na wewe pia. Nikasema moyoni, mtu wa mbali atajua nini?

Nikainama kwa sikio la Susu. "Ona, Yvonne amekosea. Si wewe ulimpa Kalondu kwanza?"

Susu hakuondoa macho ukutani. "Hajakosea. Nilikunywa mimi. Yakaisha, na Kalondu akalia mpaka jua likashuka."

Nikamuuliza mbona mimi aliniambia vingine.

"Wewe unanipikia uji kila asubuhi, Nduku. Ningekuangaliaje? Huyo yuko mbali. Nilimwambia kwa simu ukiwa shambani."

Kumbe ile sheria ilitoka hapo. Na kumbe mnaongea.

Tangu Jumamosi ninampelekea uji, ninaweka kikombe na kutoka. Sinema ni yako, ichukue, ipeleke hata kwa mashindano, sina neno. Kile ninachokuonea wivu sasa ni hizo simu. Mimi nilikua nikilala chumba kimoja na yeye, nikapewa hadithi iliyonawishwa uso. Wewe ukapewa yenyewe.

Nisalimie mume wako Kitheka na mtoto. Mulwa anakusalimu, na binti yetu Wavinya anauliza kama viatu vyake umevisahau. Susu ameitemea barua hii mate kukubariki, kama anavyofanya. Hapo juu ambapo wino umetawanyika kwenye jina lako, ni yeye. Bwana akulinde na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ukimpigia tena, tafadhali, mwambie hivi: hata mimi naweza kuambiwa.

Dada yako akupendaye, wivu na yote,
Nduku