Redio ya Zuhura Ina Taa Kumi

Jumatatu, 4 Agosti 1986
Nimeanika betri za redio juani tena. Jioni sauti ileile, chini. Nimezungusha swichi mpaka ikagoma. Imechakaa, inakwaruza. Sindano ya leo ya kifua kikuu ni ya thelathini na saba. Kikohozi kimekwisha. Namshukuru Mungu.

Alhamisi, 7 Agosti
Betri mpya, zote nne. Hakuna tofauti. Mama Shaibu, jirani, amechungulia uani: "Mwalimu, unawafungulia redio na watu wa kijiji cha Mandawa?" Nimecheka. Nimerudisha kidogo. Swichi ya kuzungusha haina namba. Huwezi kujua jana ilikuwa wapi.

Jumapili, 10 Agosti
Zuhura, mwalimu mwenzangu ninayekaa naye, amerudi kutoka kwa mumewe Dar na redio kaseti. Haina cha kuzungusha. Unabonyeza batani, inawaka taa moja, mbili, hadi kumi. Yeye husikiliza kwenye tatu. Nilidhani ameizima.
Nimesikia kwenye saba.

Jumamosi, 16 Agosti
Nane.

Jumatano, 20 Agosti
Hospitali ya Nachingwea. Daktari anasema ni sindano. Inaponya mapafu, lakini kwa wengine inaua masikio, na kilichokufa hakirudi. Ameisimamisha. Nitameza vidonge. "Umechelewa kusema, dada." Nilichelewa kwa sababu nilikuwa naanika betri. Mimi, msichana niliyemaliza kidato cha sita! Namchukia daktari. Najichukia zaidi.

Jumanne, 26 Agosti
Darasa la tatu. Nimemwambia Hadija apaze sauti anaposoma. Mara tatu. Wa nyuma akasema neno, darasa zima likacheka. Sijui neno gani. Nimewaambia wafunge vitabu, wanakili ubaoni. Nimesimama dirishani mpaka kipindi kikaisha. Mwalimu asiyesikia watoto anafundisha nini?

Jumapili, 7 Septemba
Taa tisa asubuhi. Kumi jioni. Baada ya kumi nimebonyeza tena, na tena. Hakuna taa nyingine. Ile swichi yangu mbovu ingeniacha nidhani imebaki nafasi kidogo.

Jumatatu, 8 Septemba
Sikwenda shule.

Ijumaa, 12 Septemba
Tumekaa barazani, tunachambua kisamvu. Kipindi cha vichekesho. Zuhura amepandisha hadi kumi bila kuombwa, amekunja uso kwa kelele. Nimeirudisha kwenye tatu. Amenitazama. Nimeendelea kuchambua.
Alipocheka, nami nikacheka.